Lenny Henry: kutoka kuchekwa mpaka kushika kalamu



Nianze na kitu kimoja cha haya. Kabla sijatetea memwari yangu, nilipata kazi ndogo ya siku kumi: kutafsiri kwa wageni fulani waliokuja na kamera mu kambi moja ya wakimbizi karibu na Goma. Feza ilikuwa nzuri, na nyumbani ada ya mdogo wangu ilikuwa inangoja. Siku ya tatu tukakaa mbele ya mama mmoja na mtoto wake wa miaka kama tano. Mtoto akaangalia maikrofoni yao, ile yenye kuvishwa manyoya ya kijivu, akauliza: “Mama, hii paka ya muzungu ilikufa?” Mama akacheka. Akacheka kabisa, mpaka akafunika kinywa na kikwembe. Mtu wa kamera akaniambia kwa Kifaransa: mwambie asicheke. Nami nikamwambia: “Mama, banasema usicheke.” Akanyamaza. Wakapiga picha yao.

Ile siku nilirudi nyumbani na feza mu mfuko na swali mu kichwa: nani aliamua kwamba mtu maskini akicheka, picha yake haifai?

Mimi ni mtu wa historia. Kitu kikinisumbua, natafuta kilipita njia gani mpaka kunifikia. Nikaanza kusoma juu ya hii tabia ya kukusanya feza za msaada kwa njia ya televizio: mastaa upande huu, mtoto mwenye kulia upande ule. Njia ikanipeleka Uingereza, na huko nikakuta mtu ambaye sikumtarajia: mchekeshaji mweusi, mtoto wa wahamiaji, aliyeingia kiwandani kijana mdogo na akapata doktora akiwa karibu na miaka 60. Anaitwa Lenny Henry. Bale walioangalia The Rings of Power mu 2022 walimwona: ule mzee Sadoc Burrows, mwenye kuongoza msafara wa watu wafupi wa miguu mikubwa, njo yeye.

Namwandika hapa kwa sababu ndani ya maisha yake kuna swali ambalo sisi bote wenye diploma tunakutana nalo siku moja: nitakubali nini ili wanikubali?

1. Mtoto wa Dudley

Lenny Henry alizaliwa tarehe 29 Agosti 1958 katika mji wa Dudley, karibu na Birmingham. Eneo lile Waingereza wanaliita Black Country, yaani nchi nyeusi. Jina hilo halihusu rangi ya watu. Lilitokana na makaa ya mawe na moshi wa viwanda vya chuma. Wazazi walitoka Jamaica, na Lenny ni mtoto wa tano kati ya saba, wa kwanza kuzaliwa Uingereza. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba papa aliyemlea hakuwa ndiye aliyemzaa, na kwamba hiyo siri aliijua akiwa bado mtoto.

Juu ya nini Wajamaika walikuwa Dudley? Baada ya vita ya pili ya dunia, Uingereza ilikosa mikono ya kazi mu hospitali, mu mabasi, mu viwanda. Sheria ya 1948 iliwapa watu wa makoloni haki ya kuingia kama raia, na mu Juni ya mwaka ule meli Empire Windrush ilishusha mamia ya Wakaribi katika bandari ya Tilbury. Jamaica ilikuwa bado koloni, ilipata uhuru mu 1962 tu. Basi watu walikuja, wakafikiri wanakwenda kwa “mama nchi” yao, kumbe milango mingi ilifungwa. Mtu alipata kazi ya usiku kiwandani lakini akakosa nyumba ya kupanga.

Na lile eneo lilikuwa moto. Smethwick, kilomita chache tu kutoka Dudley, mu uchaguzi wa 1964 mgombea mmoja alishinda baada ya kampeni iliyojaa chuki kwa weusi. Aprili 1968, Enoch Powell, mbunge wa mji jirani wa Wolverhampton, alitoa hotuba mu Birmingham ya kuonya kwamba wahamiaji wataiharibu nchi. Lenny alikuwa na miaka 9. Fikiri unakwenda shule asubuhi, na mbunge wa mji jirani amesema mu magazeti bote kwamba wewe ni hatari.

Mama yake, Winifred, aliwapa watoto dawa moja: mujichanganye. Ingieni mu maisha ya watu wa hapa, mufanane nao, musibaki pembeni. Lenny alijichanganya kwa kinywa. Alikuwa na kipaji cha kuiga sauti za watu wa televizio. Shuleni, mkubwa akitaka kumpiga, alimchekesha. Anayecheka ni vigumu kupiga. Njo ngao yake ya kwanza.

Masomo yake ya sekondari aliyafanya katika shule ya wale ambao hawakuchaguliwa kwa masomo ya juu. Mu Uingereza ya wakati ule mtihani wa miaka 11 ulikata njia ya mtoto mapema: huyu ataenda univ, huyu ataenda kiwandani. Lenny alienda kiwandani, kujifunza ufundi.

2. Mgongo kwa watu

Mu Januari 1975, akiwa na miaka 16, alitokea katika New Faces, shindano la vipaji la televizio. Aliingia akiwapa watu mgongo, akisema kwa sauti ya Frank Spencer, mzungu mmoja mjinga wa komedi iliyopendwa sana siku zile. Watu walisikia sauti, wakajua ni nani. Kisha akageuka. Ukumbi ulipoona uso mweusi, ukapasuka kwa kicheko na makofi.

Nilipoangalia hiyo hadithi mara ya pili, nilijiuliza: walicheka nini? Walicheka ufundi wake wa kuiga, ni kweli. Lakini walicheka pia ule mgeuko: kumbe ni mweusi! Rangi yake yenyewe ilikuwa nusu ya mchezo. Mtoto wa miaka 16 hawezi kutenganisha hizo mbili. Yeye anasikia makofi tu.

Na hakuwa na mfano mwingine mbele yake. Mchekeshaji mweusi aliyejulikana sana wakati ule alikuwa Charlie Williams, mtoto wa Yorkshire, zamani mcheza mpira wa Doncaster Rovers. Charlie, watu wakimsumbua ukumbini, alikuwa anawatisha kwamba atahamia nyumba ya jirani yao. Wazungu walicheka mpaka machozi. Mchezo huo unafanya kazi kwa sababu moja tu: bote mu ukumbi wanakubali kwamba kuwa na jirani mweusi ni msiba. Mweusi anasema mwenyewe kabla wengine hawajasema. Lenny naye akafuata njia ile, akijicheka rangi kabla hajachekwa.

Lakini kuna mchezo wake mmoja wa zamani unaonyesha akili ilikuwa inafanya kazi. Watu kama Powell walitaka wahamiaji walipwe feza warudi kwao. Lenny akasema sawa, wanipe tu hizo pauni elfu moja, maana kutoka hapa mpaka Dudley ni nauli ndogo ya basi. Hapo anayechekwa si mweusi tena. Anayechekwa ni mwenye kufikiri kwamba mtoto wa Dudley ana “kwao” kwingine.

3. Mweusi mmoja kati ya waliojipaka

Sasa tufike fasi ya uchungu. Baada ya New Faces, kijana alipewa mkataba katika The Black and White Minstrel Show. Kwa bale wasiojua: ilikuwa shoo ya nyimbo na densi ambamo wanaume wazungu walijipaka rangi nyeusi usoni, wakaacha midomo na macho meupe makubwa, wakaigiza “weusi” wenye furaha. Mchezo huo ulizaliwa Marekani karne ya 19, wakati wa utumwa. BBC iliuonyesha kuanzia 1958, mwaka uleule Lenny alizaliwa, mpaka 1978. Mamilioni waliangalia jioni na watoto wao. Mu 1961 uliwapa hata tuzo kubwa ya Montreux. Mu 1967 watetezi wa haki walipeleka ombi kwa BBC kwamba hii ni matusi. BBC ikaendelea miaka 11 tena.

Lenny alizunguka na shoo hiyo kwenye kumbi kwa miaka kama mitano. Mweusi wa kweli peke yake, akisimama kati ya wazungu waliojipaka. Watu wazima walikuwa wamesaini, feza ilikuwa inaingia, mama alikuwa na watoto wengi. Baadaye alisema wazi kwamba anajuta, na kwamba ile miaka ilimtia huzuni nzito rohoni.

Bandugu, ni rahisi kumhukumu. Mimi mwenyewe nilitaka kumhukumu. Kisha nikakumbuka kikwembe kwenye kinywa cha ule mama, na sauti yangu yenye kusema usicheke. Yeye alikuwa kijana wa miaka 16 bila masomo ya juu. Mimi nilikuwa na miaka 25, na memwari yenye kurasa mia juu ya ukoloni.

4. Kalamu

Ni nini kilimtoa? Vitu vitatu, naona.

Kwanza, televizio ya watoto. Kuanzia 1978 alikuwa katika Tiswas, programu ya fujo ya Jumamosi asubuhi. Hapo alimwiga Trevor McDonald, mzaliwa wa Trinidad, mweusi wa kwanza kusoma habari katika ITN. Kuiga mweusi mwenye suti na sauti ya mamlaka si sawa na kuiga mjinga. Watoto wazungu wa nchi nzima walijua uso wa McDonald kwa sababu ya Lenny.

Pili, marafiki wapya. Mwanzo wa miaka ya 1980, mu London kulitokea kundi la wachekeshaji vijana waliokataa michezo ya kutukana weusi na wanawake. Walikutana katika klabu ya Comic Strip, mu Soho. Mmoja wao alikuwa Dawn French, ambaye Lenny alimuoa mu 1984. Walitengana miaka 26 baadaye, mu 2010. Kwa hao alijifunza kwamba mchezo ni wazo, na wazo lina mwenyewe. Kama mchezo unakuumiza, unaweza kuandika mwingine.

Tatu, akaanza kushika usukani. Alijulikana na Three of a Kind kati ya 1981 na 1983, kisha na shoo yenye jina lake. Akamvumbua Delbert Wilkins, kijana wa Brixton mwenye redio ya siri isiyo na ruhusa. Brixton ni mtaa wa London uliowaka mu Aprili 1981, vijana weusi na polisi. Magazeti yaliwachora vijana wale kama wahalifu, Lenny akawachekesha watu na kijana wa palepale: mwenye maneno mengi, mwenye kujipenda, mwenye akili. Kisha mu 1993 akatoka na Chef!, ambamo ni mpishi mkuu wa mgahawa wa gharama, mkali kama pilipili, mwenye kutukana wafanyakazi kwa Kiingereza kitamu. Kwa komedi ya Uingereza wakati ule ilikuwa kitu kipya: mweusi ni patro, na rangi yake si mchezo. Mnacheka kiburi chake.

Akafungua pia kompani yake ya kutengeneza filamu. Alikuwa ameelewa kwamba mwenye kusimama mbele ya kamera ana jina, lakini mwenye kuandika na mwenye kulipa njo wanaamua.

5. Pua nyekundu na uso wa Afrika

Sasa turudi kwa swali langu la mwanzo. Oktoba 1984, BBC ilionyesha njaa ya Ethiopia, na dunia ikashtuka. Mu 1985, mwandishi Richard Curtis na Lenny Henry walianzisha Comic Relief: wachekeshaji kukusanya feza kwa Afrika na kwa maskini wa Uingereza. Ilizinduliwa siku ya Noeli 1985 kutoka kambi ya wakimbizi mu Sudani. Mu Februari 1988 ikafanyika siku ya kwanza ya pua nyekundu: watu wazima mu ofisi, watoto shuleni, bote wanavaa pua ya plastiki na kutoa feza. Ile siku peke yake ilileta pauni milioni 15. Mpaka 2015, baada ya miaka 30, jumla ilipita pauni bilioni moja.

Hiyo si kitu kidogo. Ndani ya ile bilioni kuna chanjo, kuna madarasa, kuna batu walioishi. Anayesema msaada wote ni uongo hajawahi kukaa na mgonjwa bila dawa.

Lakini angalieni mpango wa jioni yenyewe. Kicheko kinatoka London. Kisha muziki wa polepole unaanza, na filamu fupi inatoka Afrika: mtoto, nzi, machozi, na staa mzungu amepiga magoti pembeni. Kisha tunarudi London kucheka tena. Mwaka kwa mwaka, mamilioni ya Waingereza walijifunza kwamba wao ni wa kucheka na sisi ni wa kulia. Na kiongozi wa sherehe alikuwa mtu mweusi ambaye ujana wake wote alipigana na picha ambayo wengine walimchorea. Hapo njo maisha yake yananikamata shingo. Mtu anaweza kujitoa mu picha mbaya, na palepale, kwa roho safi, akasaidia kuchora nyingine ya wenzake.

Malalamiko yalikuja. Mu 2017, filamu ya mwanamuziki Ed Sheeran na watoto wa mitaani mu Liberia ilipewa tuzo ya aibu na wanafunzi wa Norvege wenye kupigana na picha za namna hiyo. Mu 2019, mbunge David Lammy, naye mtoto wa wahamiaji Wakaribi, alisema kwa sauti kubwa kwamba hadithi ya mzungu mwokozi imechosha. Mu Oktoba 2020, Comic Relief ikatangaza kwamba haitatuma tena mastaa kwenda Afrika kupiga filamu za kuomba feza, na kwamba kazi hiyo itapewa Waafrika wenye kutengeneza filamu. Mwezi wa Machi 2024 Lenny aliongoza ile jioni mara ya mwisho, akaachia wengine.

6. Mwanafunzi mzee

Kitu ambacho kitawagusa hasa ninyi wa promosio: hii safari yote aliifanya bila diploma ya chuo kikuu. Alikuwa tajiri, anajulikana fasi zote, lakini aliona kuna vyumba ambamo watu wanasema maneno asiyoyaelewa. Mama yake alikufa mu 1998. Mu miaka iliyofuata, Lenny akajiandikisha katika Open University, chuo ambacho mtu anasoma akiwa kwake. Alisoma fasihi ya Kiingereza, na mu 2007 akapata lisansi. Alikuwa na miaka 48.

Akaendelea na masomo ya kuandika filamu na televizio katika Royal Holloway, chuo cha Universite ya London. Na mu 2018, palepale, akapata doktora. Kichwa cha kazi yake kilikuwa swali: je, lazima kocha awe mweusi? Alichunguza filamu za michezo, namna zinavyoandikwa na nani anapewa nafasi gani ndani yake. Ni swali la mtu aliyecheza miaka 40 katika hadithi za wengine.

Masomo yalimfungulia kitu kingine. Shuleni Shakespeare alikuwa kwake ukuta. Katikati ya miaka ya 2000 alifanya programu ya redio ya kujiuliza huyu mtu anapendewa nini, na mu 2009, akiwa na miaka 50, akapanda jukwaani mu Leeds kama Othello: jemadari mweusi mwenye kutumikia Wazungu, anayesifiwa mpaka siku wanapomgeuka. Shoo ikaenda mpaka London. Wakosoaji waliokuja na kisu waliondoka na heshima, na gazeti la Evening Standard lilimpa tuzo ya mgeni bora wa mwaka. Mgeni! Baada ya miaka 34 ya kazi.

Hakunyamaza na sifa. Mu 2014 alitoa hotuba mbele ya BAFTA, mbele ya wakubwa wenyewe wa televizio, akaleta hesabu: kati ya 2006 na 2012, idadi ya weusi na Waasia na wengine wa makabila madogo katika hiyo kazi ilishuka karibu asilimia 31. Akawaambia maneno mazuri juu ya usawa yamejaa, tuwekeni feza pembeni kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka uliofuata alipewa cheo cha Sir. Mu 2016 akawa mkuu wa heshima wa Birmingham City University, kilomita chache kutoka kile kiwanda cha ujana wake, na leo mule kuna kituo cha utafiti juu ya usawa katika habari chenye jina lake.

Na aliandika. Njo sehemu ninayoipenda zaidi. Mu 2015, Danny and the Human Zoo, filamu ya televizio juu ya kijana mweusi mchekeshaji wa Dudley mu miaka ya 1970. Ile aibu ya Minstrels imo ndani, hakuificha, na yeye mwenyewe anacheza papa wa kijana. Mu 2019, kitabu cha maisha yake ya ujana. Mu 2023, mchezo wa jukwaani August in England, ambamo peke yake anacheza mzee wa Kikaribi aliyeishi Uingereza miaka mingi, kisha serikali inataka kumfukuza kwa kukosa makaratasi. Hayo yaliwafikia watu wa kweli wa kizazi cha Windrush, na kashfa yake ililipuka mu 2018. Mwaka uleule wa 2023 akaonyesha Three Little Birds, hadithi ya wanawake watatu wenye kutoka Jamaica kwenda Uingereza mu 1957, iliyotoka mu masimulizi ya mama yake. Winifred, ambaye aliwaambia watoto wafanane na wengine, mtoto wake alimpa hadithi yenye sura yake mwenyewe.

7. Na sisi?

Musinielewe vibaya. Sisemi kila mmoja akatae kila kazi yenye haya. Mu nchi ambamo mwenye lisansi anauza kredi ya simu kando ya barabara, kukataa feza ni anasa. Lenny mwenyewe angekataa ule mkataba, pengine angebaki kiwandani na tusingemjua. Sisemi pia kwamba diploma inaokoa mtu. Ninyi bote munajua.

Ninachosoma katika maisha yake ni kwamba mtu anaweza kuanza vibaya na asibaki pale. Ilimchukua miaka kutoka Minstrels, na miaka mingi zaidi kusoma, na alipopata kalamu alirudi kuandika palepale pa aibu, kwa jina lake, bila kujisafisha. Sisi tuna haraka ya kusahau mambo tuliyoyakubali siku za njaa. Yeye aliyaweka mezani, na bila hayo zile hadithi zake zingekuwa nyepesi.

Nami naweka langu mezani. Kazi yangu ile siku ilikuwa kutafsiri, kwenda na kurudi. Nilitafsiri amri ya mtu wa kamera kwa mama. Maneno ya mtoto sikuyatafsiri kwa mtu wa kamera. Yalikuwa maneno sita tu. Ningegeuka na kumwambia: mtoto anauliza kama paka yenu ilikufa. Pengine naye angecheka. Pengine wangebaki na picha ya mama mwenye kucheka mbele ya hema lake, na wangelazimika kuamua wenyewe: kuionyesha ao kuitupa. Niliwaondolea hiyo kazi ya kuamua. Na mama yule, ambaye alipoteza nyumba na shamba, nilimpokonya pia kicheko cha dakika moja, kwa Kiswahili chake mwenyewe.

Siku nikiitwa tena, nitaenda, juu feza bado inahitajika. Lakini nitatafsiri yote.